Nusu ya Pili ya Simu

Mwanza, 3 Aprili 1973

Mtani wangu mpagazi Polikarpo,

Nimefika tangu juzi, na mifupa yangu yote ninayo, ingawa sina hakika kama kila mmoja umerudi mahali pake. Gari moshi letu ndilo la mwisho kupita. Nyuma yetu maji yamebeba tuta la reli, na hapa wanasema nguzo za simu nazo zinalala mojamoja. Kwa hiyo nitakaa Mwanza hadi njia ijengwe upya, nikila sato asubuhi na jioni, wakati wewe unatafuna mihogo yako huko Kinondoni. Mungu hamtupi Mzaramo.

Asubuhi hii nimekwenda kaunta ya kituo cha simu kumpigia Mwamvita simu ya maandishi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wa mafuriko watupu, kila mmoja na haraka yake. Karani wa hapa, Bwana Albano, hakubali mtu ajiandikie apendavyo siku za dharura. Kituo ndicho kinachomwandikia kila mtu kwa maneno yake rasmi, "Tunakuarifu kuhusu mumeo," na kadhalika. Najua mke wangu atacheka akiisoma. Pita Temeke umwone shemeji yako. Alinikataza kusafiri masika, nikamwambia taifa halingoji mvua, na tangu hapo amenuna.

Sasa ile kesi yetu, maana najua na wewe umenuna. Nakurudia hoja kwa lugha ambayo hata mpagazi ataielewa. Kompyuta yetu hapo Dar, inayopokea na kupeleka simu za maandishi, ni nyumba ya kupangisha. Simu inaingia kutoka mkoani, inapewa chumba katika kumbukumbu, inakaa humo hadi waya wa kuipeleka uwe wazi, kisha inatoka na chumba anapewa mwingine. Simu ndefu haienei chumba kimoja, kwa hiyo tunaikata: nusu ya kwanza chumba hiki, nusu ya pili chumba kile, na mashine inaweka alama nusu ipi ifuate ipi. Wewe unataka mashine ifunge mlango wa mbele kila inapogawa chumba, isimsikilize anayegonga mpaka imalize kukabidhi ufunguo. Mimi nasema mlango usifungwe hata kidogo. Simu inagonga mara moja tu. Usipoifungulia imepotea, na mwenyewe hatajua kamwe.

Isitoshe, tulipiga kura. Mkutano wa wafanyakazi wote, madereva na wapika chai wakiwemo, mikono ikanyanyuliwa, mlango ukabaki wazi. Sasa ukinipinga mimi unaupinga umma, Mnyamwezi wewe.

Nisalimie watu wa kazini. Waambie nimenenepa.

Wako,
Bakari Mwishehe


Temeke, 9 Aprili 1973

Kwa Mkuu wa Kituo cha Simu, Mwanza

Ndugu,

Mimi ni Mwamvita binti Kondo, mke wa Bakari Mwishehe, fundi wa kompyuta aliyeletwa kwenu kutoka Dar es Salaam. Simu yenu niliipata. Naiandika hapa ilivyo, usije ukadhani nimeisoma vibaya: TUNAKUARIFU KUHUSU MUMEO BAKARI MWISHEHE AMEFARIKI JUMATATU KWA HOMA KALI AMEZIKWA HAPA HAPA NJIA ZIMEFUNGWA POLENI SANA.

Ndugu, mume wangu alitoka hapa Ijumaa anapiga mluzi. Mpaka leo akili yangu inasimama pale kwenye mluzi, haitaki kuendelea.

Siandiki kuwalaumu. Mmenizikia mtu wangu katikati ya mafuriko, Mungu awalipe. Ila kuna mambo nataka kuyajua na hapa hakuna wa kunijibu. Nani alimwosha? Alikuwepo Mwislamu wa kumtamkia shahada masikioni? Sanda mlipata wapi, na maduka yamefungwa? Mlimlaza akielekea kibla? Homa ilimshika mchana au usiku, na alikuwa peke yake? Na je, aliniita? Hilo ukilificha kwa kunihurumia utakuwa umenionea. Niambie lilivyo.

Ningekuja mwenyewe hata kwa miguu, lakini nimekaa eda, siruhusiwi kuvuka kizingiti. Walimsalia swala ya ghaibu, hitima ikasomwa, watu walijaa mpaka barabarani. Mtani wake mmoja, Polikarpo, anayefanya naye kazi kwenye hiyo mashine, alifanya yanayofanywa na watani. Alivaa kanzu ya marehemu akalala jamvini kama maiti, kisha akainuka ghafla: "Jamani mie nimefufuka, ubwabwa wangu uko wapi?" Watu walivunjika mbavu. Hata mimi nilicheka. Kisha nililia mpaka nikatapika.

Binti yetu Chausiku ana miaka minne. Anasema baba yuko kazini. Sijamkatalia.

Nijibu upesi, tafadhali.

Mwamvita binti Kondo


Mwanza, 16 Aprili 1973

Mama Chausiku,

Niko hai. Naandika hilo kabla ya salamu na kabla ya kitu chochote. Niko hai, sijaugua hata mafua. Inuka hapo ulipokaa, vua nguo hizo, umwite mtoto umwambie ulikuwa na haki ya kutomkatalia.

Barua yako uliyomwandikia mkuu wa kituo imefika leo na mfuko wa ndege. Aliifungua, akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena. Akaniambia, "Bakari, keti kwanza." Nikaona mwandiko wako juu ya bahasha nikadhani mtoto ameumia. Halafu nikasoma mke wangu akiuliza nani ameniosha. Mwamvita, nimejishika uso. Nimejishika shingo na mikono mbele ya watu kama mwendawazimu, na hakuna aliyenicheka.

Sielewi. Wallahi sielewi. Simu yako niliiona kwa macho yangu ikipigwa, nilisimama nyuma ya bega la Albano. Ilisema: TUNAKUARIFU KUHUSU MUMEO BAKARI MWISHEHE AMEFIKA SALAMA YUKO KAZINI MSIWE NA WASIWASI. Hapakuwa na homa, hapakuwa na kaburi. Jioni ile ile waya ukakatika, na tangu siku hiyo hakuna simu ya maandishi wala ya mdomo. Reli haipo. Ndege inachukua barua na wakubwa wenye vibali, nami nimekwenda kuomba nikaambiwa wagonjwa wanasubiri mbele yangu. Kwa hiyo nilikuwa hapa nakula sato, na wewe ulikuwa unanililia. Moyo wangu haujui uweke wapi jambo hili.

Uliuliza kama nilikuita. Ningekuwa nimekufa, ningekuita.

Waonyeshe wazee barua hii. Mwonyeshe baba mdogo Pazi. Huu ni mwandiko wangu.

Mumeo aliye hai,
Bakari


Kinondoni, 21 Aprili 1973

Marehemu,

Usinikasirikie, nakuita hivyo kwa sababu ndivyo Temeke nzima inavyokuita, na mimi nimeshindwa kuibadilisha.

Juzi waya ulipoungwa nilikuwa zamu. Nikaigongea Mwanza swali moja: nani alimzika Bakari Mwishehe? Karatasi ikatoka: BAKARI YUPI MIE NIPO HAPA. Nilianguka na kiti, ndugu yangu. Nikadhani ni mzaha wa mtu. Nikaandika tusi lile la wapagazi ambalo hakuna mwingine ajuaye jibu lake, na jibu likaja palepale, lote, pamoja na sehemu inayomhusu bibi yangu. Ndipo nikajua Mzaramo hajafa. Nililia mbele ya watu. Ukimwambia mtu nitakana.

Nikachukua simu uliyoituma baada ya hapo, NI MZIMA BAKARI, nikaenda nayo Temeke kwa gari la ofisi nikiwa naimba. Baba yako mdogo, Mzee Pazi, alikuwa barazani na wenzake. Nikasoma kwa sauti. Wakacheka! Mmoja akasema, "Huyu Mnyamwezi hachoki, matanga tumeanua yeye bado anafufuka tu." Nikaapa. Nikamwapia Mungu wangu na wao. Mzee Pazi akaacha kucheka akanyanyua bakora: "Utani una siku zake. Mjane yumo ndani, wewe unamletea karatasi uliyoichapa mwenyewe?" Maana wote wanajua mashine iko mikononi mwangu. Barua yako ya tarehe kumi na sita imefika nayo, ameishika hivi, ameisoma, akasema watu waliokaa meza moja miaka mitano wanaweza kuigana mwandiko. Nilijichafulia mwenyewe siku nilipovaa kanzu yako. Nimekuwa mtu ambaye akisema kweli watu wanashika mbavu.

Sasa kuhusu mashine. Barua yako ya tarehe tatu, ile ya vyumba na funguo, ilikwama na mafuriko ikanifikia jana tu; ingewahi, nisingevaa kanzu yako. Kwa muda wote huu nilidhani simu ile ya kifo ilitumwa ilivyo, kwa hiyo sikuichunguza. Nimeichunguza. Siku ile mafuriko yalizileta simu zote kwa pamoja, vyumba vikajaa. Zilipoingia mbili ndefu kwa wakati mmoja, mashine ikatafuta chumba cha nusu ya pili ya moja. Kabla haijamaliza kukabidhi ufunguo, nyingine ikagonga. Mlango u wazi, ikaenda kusikiliza. Ikawa na funguo mbili mkononi na wapangaji wawili mlangoni, na iliporudi ikazikabidhi kinyume. Nimeigiza jambo hilo hapa mara nyingi kwa simu za uongo. Ukizibana vya kutosha, hutokea.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ilikuwa yako na nusu ya pili haikuwa yako. Sitaki kusema nilikuambia. Nilikuambia.

Simu ya mdomo imeombwa, labda Jumatatu. Lakini shemeji yuko edani, na Mzee Pazi amekaa mlangoni.

Polikarpo Mihambo


Temeke, 24 Aprili 1973

Baba Chausiku,

Nimekusikia. Nimeandika neno hilo nikalitazama muda mrefu kabla ya kuendelea.

Nikueleze ilivyokuwa, maana kwenye simu hatukusema kitu cha maana. Jana Polikarpo alisimama uani akaniita kwa dirishani. Hakucheza. Uso wake sijauona hivyo tangu nimjue. "Shemeji, mumeo atakuwa kwenye waya saa kumi. Njoo umsikie kwa masikio yako, nikiwa mwongo nichinjwe Vingunguti pamoja na ng'ombe." Baba mdogo akasema mwanamke wa eda akivuka kizingiti kwa maneno ya mtani, amemkosea marehemu na amejikosea mwenyewe. Alisema kwa upole, anakupenda, amekonda kwa ajili yako. Nami nikawa nimesimama katikati. Kama umekufa, nimevunja eda yangu kwa mzaha, na watu watanisema mpaka nizeeke. Kama u hai, basi eda haipo na hapakuwa na cha kuvunja.

Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Mie nakwenda." Nikavuka.

Ofisini kwenu wakanipa kile kitu nikakiweka sikioni, mvumo mtupu. Halafu ukakohoa. Ulikohoa vile unavyokohoa kila unapotafuta uongo wa kuniambia. Hapo hapo nikakujua. Ukasema, "Mama Chausiku." Mimi nikakutukana. Nilikuporomoshea matusi ambayo sikujua kama ninayo, wafanyakazi wote wamesimama, yule mkuu wenu Ndugu Revelian akatoka nje. Nilikukataza kusafiri masika! Nikakwambia ufe kweli sasa uone kama nitakulilia tena. Kisha muda ukaisha, wakakata.

Nimerudi nimewaambia. Baba mdogo aliniangalia usoni, hakuuliza la pili, akaenda kutawadha. Usiwacheke wazee ukija. Walikupenda hadi wakakataa kudanganywa.

Sasa sikiliza. Kwenye gari Polikarpo amenieleza habari ya vyumba na funguo, na mlango uliopigiwa kura. Nimeelewa kuliko anavyodhani. Njia nzima alikuwa anabishana na wewe ambaye hukuwepo, mlango ufungwe, mlango usifungwe. Ninyi wawili mmeshughulika na nyumba, hamjauliza habari za wapangaji. "Amefariki Jumatatu kwa homa kali amezikwa hapa hapa." Hayo si maneno ya mashine. Mashine haijui homa. Kuna mtu alisimama kaunta Mwanza akayasema, kwa sababu kuna mtu amekufa. Kama si mume wangu, ni mume wa nani? Na kama funguo zilibadilishana, basi nusu yako imekwenda kwa mwenzangu. Ameambiwa nini?

Nimelikalia swali hilo tangu jana badala ya kufurahi. Nilimuuliza Polikarpo, akashika usukani kwa mikono miwili. Naona hakuwa ameliwaza.

Wewe ulikuwa kwenye foleni. Nijibu.

Mwamvita


Mwanza, 28 Aprili 1973

Polikarpo,

Leo sina utani. Barua hii ni ya wewe na Mwamvita. Sithubutu kuipitisha habari hii kwenye ile mashine, hata kwa waya mzima.

Mwamvita ameuliza nilikuwa na nani kwenye foleni, nami nikakumbuka mara moja. Mbele yangu walisimama wanaume wawili wa kinu cha pamba, nguo zao zina matope hadi kiunoni. Wamempoteza mwenzao. Niliwapa pole! Niliwashika mikono, nikasema kazi ya Mungu haina makosa, kisha nikasogea kaunta kupiga simu yangu ya salama nikiwa na haraka ya kwenda kula.

Nimekwenda kinuni. Marehemu aliitwa Benedikto, Mmakonde, seremala, hana ndugu huku ziwani. Alishikwa na homa wakati barabara ya hospitali iko chini ya maji. Padri mmoja alifika kwa mtumbwi akamzika, waliokuwepo ni wale wenzake wawili na mchimba kaburi. Mvua ilikuwa kubwa mno hawakuweza hata kuimba. Nimeliona kaburi. Msalaba wa mti umeshaanza kuinama.

Mkewe ni Rosalia, anakaa Vingunguti, nyuma ya machinjio. Simu aliyopigiwa ilianza TUNAKUARIFU KUHUSU MUMEO BENEDIKTO. Nadhani mnajua ilivyoishia. AMEFIKA SALAMA YUKO KAZINI MSIWE NA WASIWASI.

Wale wenzake wamenionyesha barua iliyofika wiki iliyopita, Rosalia amemwandikia mumewe, kwa mkono wa jirani yake. Anamshukuru kwa simu. Anasema hajawahi kupata simu maishani, ameionyesha mtaa mzima. Anauliza, "Umefika wapi tena, mbona ulikuwa umefika siku nyingi, au umehamia kinu kipya?" Anacheka humo ndani ya barua, unamsikia. Wenzake hawakujua wafanye nini. Walidhani mjane amepata wazimu kwa uchungu, wakaona aibu kumjibu.

Mlango ule niliupigania mimi. Nilisema ukifungwa simu itapotea na mwenyewe hatajua kamwe. Sasa haikupotea, imefika, na mwenyewe hajui. Ninaona aibu na ninaogopa, sikufichi. Nilimpa mke wangu kifo cha mtu na nikampa mwanamke mwingine uhai wangu, na wote wawili waliamini kwa sababu ilitoka serikalini kwa herufi kubwa.

Lazima aambiwe. Nenda, ila usiende peke yako. Wewe uso wako hauaminiki tena mjini humo.

Bakari


Kinondoni, 3 Mei 1973

Bakari,

Mlango sasa unafungwa. Nimeubadilisha mwenyewe, bila kura. Wakitaka wanifikishe kwenye mkutano.

Barua yako nilimpelekea Ndugu Revelian kwanza, nikidhani ni haki mkuu ajue. Aliisoma amesimama. Akashika meza. Nilimwona ameshtuka kama sisi, usidhani hana moyo. Lakini akasema tusiende. Iundwe kamati, kamati iandike maelezo, maelezo yapite juu, halafu mjane aarifiwe kwa utaratibu. Akasema watu wakijua mashine ya umma inaweza kubadilisha wafu na walio hai, nani ataamini simu tena nchi hii? Ni swali zuri. Nikamuuliza kamati itakaa lini. Akasema baada ya Sabasaba.

Nikampelekea shemeji barua yako, nikamweleza na hayo ya kamati. Alikuwa anamchana Chausiku nywele. Alisoma mpaka mwisho, akamalizia msuko ule aliokuwa ameuanza, akajifunga kanga. "Kamati yenu na ikae. Sie hatuna utaratibu, tuna miguu." Nikasema nitampeleka kwa gari. Akasema nimfikishe machinjioni, niishie hapo, kwa sababu mtu akiletewa msiba asiletewe na gari la waliokosea.

Nimesimama machinjioni tangu saa nne hadi jua likazama. Hakutoka. Nikamtuma mwanamke mmoja akamwulize, akaniletea jibu kwamba niende nyumbani, na nimpeleke Chausiku kesho pamoja na nguo za kubadilisha.

Sijui kimetokea nini humo ndani.

Polikarpo


Vingunguti, 6 Mei 1973

Baba Chausiku,

Nakuandikia kutoka kwa Rosalia. Tupo matangani.

Nilimkuta uani anafua, mwanamke wa umri wangu, ana chale za kwao usoni na sauti kubwa. Alinikaribisha kabla hajajua mimi nani. Nilipomwambia nimekuja kwa habari ya simu kutoka Mwanza, akafurahi! Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na ile simu ameikunja ndani ya leso. Akamwita jirani yake Avelina anayejua kusoma, aisome tena, nami nisikie. Nilikaa kwenye kigoda nikasikia nusu yako ikisomwa kwa mume wa mtu. Yuko kazini, msiwe na wasiwasi. Avelina aliisoma kwa mbwembwe, ameshaizoea.

Bakari, nilitaka kuinuka niondoke. Nakwambia ukweli. Nilitaka niseme nimekosea nyumba.

Nikatoa yangu nikaiweka chini pembeni ya ile. Nikamwomba Avelina asome mwanzo wa yake, kisha mwisho wa yangu. Akaanza kwa sauti. Alipofika kwenye "amefariki" akanyamaza, midomo ikaendelea kwenda bila sauti. Rosalia akamwuliza, "Soma basi, mbona umenyamaza?" Hakusoma. Mimi ndiye niliyemalizia, kwa kichwa, maana naijua bila karatasi.

Alinipiga. Alinipiga kofi la uso na la pili, na mimi sikujikinga. Akapiga kelele, "Umekuja kuniachia kifo chako! Mumeo kafufuka sasa unatafuta wa kumpa! Chukua kifo chako uende nacho!" Majirani wakajaa. Mmoja alitaka kunitoa kwa nguvu. Nikasema siondoki. Nikawaeleza yote, nyumba na vyumba na funguo, kama nilivyoelezwa. Sijui nani alielewa. Nadhani Rosalia alielewa aliponiona kichwa bado sijakisuka tangu eda.

Akaanguka chini pale pale kwenye maji ya kufulia.

Nilikaa naye. Ilikuwa karibu magharibi ndipo aliposema neno. Hakuwa analia tena. Alisema, "Siku zote hizo mie nilikuwa nacheka. Nilipika pilau nikawaalika watu. Mume wangu yumo ardhini, mie napika pilau. Hakuna hata mtu mmoja aliyemlilia."

Nikamwambia, "Ameliliwa."

Akanitazama.

Nikamwambia, "Mie nimemlilia. Nyumba yetu ilijaa mpaka barabarani. Wanawake walilala sakafuni siku zote za matanga. Wazee wamemwombea, na mmoja amekonda. Tulimlilia kwa jina la mwingine kwa sababu tulipewa jina la mwingine, lakini aliyekuwa amekufa ni yeye, na machozi yale hayana pengine pa kwenda."

Halafu akaniuliza taratibu, kama anaogopa jibu, "Mlimlilia vizuri?"

Nikasema, "Tulimlilia vizuri sana."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, na Avelina, na wale waliotaka kunitoa. Nimelia kwa mtu nisiyemjua kuliko nilivyokulilia wewe, usiumie.

Padri amekuja leo asubuhi. Baba mdogo Pazi naye amekuja kwa miguu kutoka Temeke, amekaa na wanaume nje, hajui nyimbo zao lakini hajaondoka. Ndugu Revelian ameleta mtu kuuliza kwa nini tumefanya haraka. Rosalia alimtazama tu mpaka akaenda zake.

Nimesikia gari moshi la kwanza litapita mwisho wa wiki. Panda. Ukishuka usije Temeke kwanza, mimi na mtoto tupo huku. Rosalia anajua kwamba mlango ule uliupigania wewe. Nilimwambia mwenyewe, sikutaka alisikie kwa mwingine. Anataka kukuona uso, na mimi nimemwahidi kwamba utakuja.

Mkeo,
Mwamvita